Vita vya Vizibo na Komwe

Mji wa Tanga unaenea vizuri kwenye plaiwudi ya futi nne kwa sita. Bahari ni kipande cha bitana ya buluu, reli ni njiti za kiberiti, miti ni dodoki lililokatwakatwa na kuchovywa kwenye rangi ya kijani, na nyasi ni unga wa mbao tuliouomba kwa seremala. Juu yake wamesimama askari wa plastiki, wa pande mbili, Wajerumani na Waingereza wa vita vya 1914, wanangoja dadu.

Uraibu huu una wenyewe. Ulaya na Marekani una maduka, majarida na mashindano. Watu hununua sanamu ndogo za askari wa zama fulani, huzipaka rangi kwa brashi ya nywele chache, hujenga mandhari ya mahali vita vilipopiganwa, kisha hukaa wawili wawili au makundi kwa makundi na kuvipigana upya kwa rula, dadu na kijitabu cha kanuni. Sisi tuko watu wanne, na uwanja wetu ni ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, moja ya zile chache zilizobaki Kariakoo zikiwa zimebanwa na maghorofa kila upande. Yupo mwalimu mstaafu wa historia, yupo fundi cherehani, yupo mpwa wangu wa kidato cha tatu, na mimi. Duka la sanamu za vita hatuna. Tuna soko.

Ukitembea mitaa ya jumla utapata mifuko ya askari wa plastiki kutoka China, wa kuchezea watoto, bei ya chini kuliko sahani ya wali. Wamevaa helmeti na wamebeba silaha ambazo mwaka 1914 hazikuwepo duniani. Hapo ndipo fundi anapoingia. Kwa wembe anaiparua helmeti hadi ibaki kichwa, kwa tone la gundi anabandika kipande cha kaki, na kwa ncha ya sindano anakikunja kiwe ile kofia ndefu ya askari wa Kijerumani yenye kitambaa cha kukinga shingo na jua. Kaki yenyewe ni mabaki ya sare za shule. Mtu huyu ukimpelekea suruali ya kupunguza atakwambia njoo keshokutwa, lakini askari mmoja wa plastiki anaweza kumlia jioni nzima, na asipoipenda kofia anaibandua na kuanza upya bila mtu kumwuliza.

Rangi ni ya kucha. Ni rahisi, rangi zake ni nyingi, na kila kichupa kinakuja na brashi yake. Ubaya wake ni kwamba inang'aa, na askari waliotembea mwezi mzima porini wanaonekana kama wanakwenda harusini. Mpwa wangu ndiye aliyepata dawa: poda ya watoto, inayonyunyizwa rangi ikiwa haijakauka sawasawa, halafu unapuliza. Mng'aro unaondoka na vumbi linabaki.

Kwa mavazi ya upande wa Waingereza hatukuhitaji kitabu. Tulikwenda Posta kumtazama Askari mwenyewe, pale Samora inapokutana na Maktaba na Azikiwe, amesimama na bunduki yake yenye singe, kaielekeza bandarini. Sanamu hiyo ya shaba ni kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann. Watu hupanga miadi hapo kila siku, tukutane Askari, na macho yao yako kwenye simu. Fundi alizunguka mara kadhaa akiangalia mikunjo ya vitambaa vya miguuni hadi mlinzi wa duka la jirani akaja kutuuliza tunatafuta nini.

Mama muuza chakula wa kona yetu alishatoa hukumu: wazee wazima, midoli. Hatukujibu. Angalau tunanunua chai yake.

Mchezo huu ulizaliwa jeshini, tena jeshi la Prussia. Mwaka 1812 bwana mmoja aliyeitwa von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake meza ya mchezo wa vita, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizokamilika: ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu kwa ajili ya bahati, na mwamuzi ambaye peke yake ndiye ajuaye kila mtu yuko wapi. Mkuu wa makao makuu ya jeshi, von Müffling, alipouona aliupigia debe katika jeshi zima. Maofisa wa Kijerumani waliokuja baadaye walikulia kwenye mchezo huo, na mmoja wa waliopita katika makao makuu yao ya mipango ya vita alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeshuka bandari ya Dar es Salaam Januari 1914. Mwingereza H. G. Wells yeye aliuvua mchezo magwanda. Mwaka 1913 alitoa kitabu Little Wars, cha vita vya sebuleni, mizinga ya kuchezea ikirusha vijiti dhidi ya askari wa risasi, na alikuwa na imani kwamba vita vidogo namna hiyo ni bora mno kuliko vile vya kweli. Mwaka uliofuata vya kweli vilianza. Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam, na eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipanga liwe makazi ya Waafrika likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Kariakoo yetu ndiyo hiyo.

Asidhani mtu, hata hivyo, kwamba hapa tulingoja Reisswitz ndipo tujue kucheza vita. Pita barazani jioni yoyote, penye kahawa na kashata, uone drafti inavyopigwa kwa vizibo vya soda, jeshi moja limefunuliwa na jingine limefudikizwa, na kizibo kikivuka mpaka mstari wa mwisho kinabebeshwa mwenzake kiwe kingi. Kelele za watazamaji zinatosha kuongoza jeshi la kweli. Mwalimu yeye ni mtu wa bao, na watu wa bao huwatazama watu wa drafti kwa huruma.

Na kabla ya sisi sote kulikuwa na beni. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Lamu na Mombasa, vijana walianzisha vyama vya ngoma vyenye tarumbeta, sare, gwaride na vyeo vya kijeshi, vikashindana mji kwa mji na mtaa kwa mtaa. Dar es Salaam ilikuwa na Marini na ilikuwa na Arinoti, na mtu hakuweza kuwa wa pande zote mbili. Karani wa ofisini aliweza kuwa jenerali siku ya ngoma. Vita vilipokuja, askari na wapagazi waliichukua beni hadi bara, ikafika mbali kuliko reli. Terence Ranger, aliyepata kufundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na jambo moja analolionyesha ni kwamba watu wale hawakuwa wakiiga wazungu kwa ujinga. Walichukua gwaride, wakalipa midundo yao, wakalitumia kwa mashindano yao wenyewe. Mimi naongeza langu: baba zetu wakubwa walioishi mitaa hii walikuwa na moyo wa kuchezea kitu ambacho kilikuwa kimewaua ndugu zao miaka michache tu nyuma, na hakuna aliyesema hawana heshima kwa wafu. Tunaochezea plastiki miaka mia baadaye hatuna sababu ya kuona haya.

Vita vya Afrika Mashariki vina wapenzi wengi nje. Uingereza, mchongaji Mark Copplestone aliitengenezea Wargames Foundry msururu wa sanamu uitwao Darkest Africa, wenye wapiganaji wa ruga-ruga, askari wa kikoloni na misafara ya Waarabu wa Zanzibar, ndevu na majambia yote yakionekana katika mtu wa milimita 28. Jina la msururu linanikera, siwezi kuficha. Kazi ya mkono hainikeri hata kidogo. Mtu aliyekaa na sindano ya kuchongea akahangaikia mkunjo wa kilemba cha mtu wa Tabora amefanya uchunguzi ambao wengi wetu hatujaufanya.

Tulianza na Tanga kwa sababu ni hadithi tamu. Novemba 2, 1914, meli za Waingereza zilifika zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India chini ya Jenerali Arthur Aitken. Lettow-Vorbeck aliwakabili na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, aliowaleta kwa reli kutoka kaskazini. Siku ya 4 wakapigana mitaani na mashambani, risasi zikatikisa mizinga iliyoning'inizwa mitini, nyuki wakatoka bila kuuliza nani ni wa upande gani. Siku ya 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha ufukweni bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Kwenye kanuni zetu nyuki wana ukurasa wao. Ukitupa dadu ukapata sita mara mbili mfululizo na kikosi kipo kwenye dodoki, pande zote mbili zinarudi nyuma upana wa kiganja. Fundi anawapenda nyuki kuliko askari wake.

Raha ya mchezo, ukiniuliza, haiko kwenye kushinda. Iko kwenye ubishi. Je, kikosi kikiona wenzao wanakimbia, kibaki au kikimbie? Mtu wa kaskazini mwa India aliyekaa melini karibu mwezi mzima, ameshushwa usiku kwenye mikoko, apewe nguvu ngapi za dadu? Hapo Mwalimu anafungua daftari, fundi anasema daftari halijawahi kulala njaa, mpwa wangu anatafuta kwenye simu, na chai inapoa. Usiku mmoja hatukusogeza hata askari mmoja. Tulibishana juu ya upana wa barabara.

Tuliipiga Tanga hadi ikatuchosha. Kila mmoja ameshajua meli zinashukia wapi. Ndipo Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mlezi wa bweni, akauliza swali la mlezi wa bweni: "Hawa wanakula nini?"

Tukatazamana. Katika kanuni tulizokuwa tumezichukua huku na huku chakula hakikuwepo. Kikosi kilisogea sentimita kumi na tano kwa zamu, kikapiga risasi, zamu iliyofuata kikasogea tena, na risasi hazikuisha, na hakuna aliyebeba chochote. Vita vile vilipita kwenye nchi ambayo farasi na nyumbu waliangushwa na ndorobo na barabara ilimezwa na masika. Kila gunia, kila kasha la risasi na kila kitanda cha ofisa kilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Nasi tulikuwa tumekaa Kariakoo, mahali pa kichwa hicho, tukiwa na meza isiyokuwa na mpagazi hata mmoja.

Mwalimu akachukua chaki akapiga hesabu kwenye sakafu. Mpagazi anabeba kilo 25. Tuseme ni unga mtupu, na tuseme anakula kilo moja kwa siku, maana naye ni mtu. Akitembea siku kumi kwenda, amekula kilo kumi. Akirudi siku kumi, lazima abaki na kumi za kurudia, la sivyo anafia njiani. Alichofikisha mbele ni kilo tano. Askari mmoja anazila kwa siku tano. Kwa hiyo askari mmoja, aliye mbali siku kumi tu kutoka relini, anahitaji mizigo sita ili ale mwezi mmoja, na hapo bado hajapewa risasi hata moja. Ukisogea hadi siku ya kumi na tatu, hesabu inakufa: mpagazi amekula mzigo wote, hana alichofikisha na bado anadaiwa njiani.

Hesabu ile ya chaki ilikuwa bora kuliko kitabu chochote nilichokuwa nimesoma kuhusu vita hivyo, navyo si vichache. Ghafla nilielewa kwa nini Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, kwa nini wakuu wa wilaya waligeuka wakamataji wa watu, na kwa nini masika ya 1917 kwenye bonde la Rufiji yaliwatesa watu kuliko bunduki ya Mjerumani. Hesabu za Waingereza wenyewe ziliishia kwenye wapagazi takriban 95,000 waliokufa. Waliokufa kwa risasi ni wachache. Wengi waliuawa na kuhara, malaria na kichomi, na sababu mojawapo ilikuwa chakula: watu waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi uliosagwa hovyo, wakaupika harakaharaka jioni kwenye mvua, ukawakata matumbo. Huku bara, Ugogo, majeshi ya pande zote yalikomba nafaka na ng'ombe, njaa iliyofuata Wagogo wakaiita Mtunya.

Kwa hiyo tulibadili meza. Tanga ikang'olewa, plaiwudi ikageuzwa, upande wa pili tukachora Rufiji kutoka reli ya kati kushuka kusini, mistari kumi na mitatu ikiwa ndiyo siku za safari. Wapagazi tukawatafutia vipande. Plastiki za China hazina mtu aliyebeba mzigo kichwani. Vizibo tulishavitumia kwa vituo vya chakula. Mwalimu akaingia ndani akatoka na mfuko wa komwe za bao lake, zote 64, zimelainishwa na mikono ya miaka.

Alizitoa kwa moyo mzito, na haikuchukua muda nikaona kwa nini. Katika bao, komwe haifi. Ukimla mwenzako, unazichukua komwe zake na kuzipanda upande wako, kuanzia kichwani, shimo kwa shimo, na zamu ikigeuka zinaweza kurudi kwake. Mchezo unaanza na 64 na unaisha na 64. Kushindwa ni kubaki na mstari wa mbele mtupu au kukosa pa kuchezea. Sasa tulikuwa tunamwambia azitumbukize kwenye kopo la maziwa, moja baada ya nyingine, kila mvua iliponyesha, kila dadu ilipoleta moja, na zisitoke. Mchezo wa kwanza tulipofika mtoni mezani zilikuwa zimebaki 19. Mwalimu alilifunika kopo kwa kitabu, akasema haya, tuendelee.

Siku hiyo jeshi la fundi lilikwama likiwa na risasi nyingi na unga hakuna. Alikasirika. Akasema mchezo umekuwa kazi ya karani wa ghala. Nadhani alisema kweli, na ndicho kilichonipendeza. Vita vingi vya mezani vinamweka mchezaji kwenye kiti cha jenerali, ambacho ni kiti cha uongo kwa asilimia kubwa. Jenerali wa Rufiji alikuwa mtu wa kugawana magunia. Lakini bado kulikuwa na kasoro, na aliyeiona ni mpwa wangu.

"Mjomba, hizi komwe ni za nani?"

Ni za Waingereza, nikamwambia, ndio wanaozitumia.

"Basi wanacheza wao. Komwe zenyewe hazichezi."

Akaomba awe mchezaji wa tatu. Jeshi hana, bunduki hana. Kazi yake ni komwe tu, na ushindi wake unahesabiwa kwa komwe zilizo hai mwisho wa mchezo, popote zilipo. Mwalimu alifurahi hadi akasimama. Kutoroka kwa wapagazi ni jambo lililoandikwa kila mahali katika kumbukumbu za vita vile. Watu walitua mizigo usiku wakaingia porini, wengine wakafika kwao, wengine wakakamatwa na kurudishwa. Kwa hiyo kanuni ikapita: kila usiku mchezaji wa tatu anaweza kutorosha komwe kadhaa, atupe dadu, akipata nne na kuendelea zimekwenda.

Tukapanga upya. Zamu ya kwanza, usiku wa kwanza, Morogoro, kabla hata jeshi halijavuka mstari wa siku ya pili, kijana akatangaza kwamba zote zinatoroka. Zote 64. Akatupa dadu, dadu ikampenda. Meza ikabaki na askari wamejipanga vizuri kwa kofia zao za kaki na magunia yamelala. Mchezo ulidumu muda wa kunywa kikombe kimoja.

Fundi akagoma. Huwezi kuwa na mchezo ambao mtu anashinda kwa kwenda nyumbani. Mpwa wangu akamuuliza kwa adabu, shikamoo na kila kitu, ni kanuni ipi aliyoivunja. Mwalimu akaamua kwamba haki iko pande zote mbili, akafungua daftari lake na kuandika kanuni mpya: anayetaka wapagazi wasitoroke aweke walinzi, kila askari mmoja alinde komwe nne usiku, na askari aliye zamu ya ulinzi haruhusiwi kupigana asubuhi inayofuata. Kijana akakubali. Fundi akakubali.

Tulicheza hadi saa nne na nusu usiku, wauza mitumba wakiwa wameshafunga na mikokoteni ikipita tupu nje. Fundi alikuwa makini kuliko siku zote. Komwe mbili tu zilimponyoka. Alipofika mtoni akaanza kuwapanga watu wake kwa shambulio, akahesabu, akahesabu tena, akageuka kuangalia nyuma. Askari kumi na wanne walikuwa wanalinda wapagazi. Ukingoni mwa mto alikuwa na sita. Aliwatazama kwa muda, akaiweka dadu mezani bila kuitupa, akasema tuanze upya, na safari hii yeye atachukua komwe.